Anayetaka Kuacha Pombe Aende Wapi?



Tumeombwa kuzungumza juu ya ulevi, na twajua baadhi yenu mmekaa mkingoja karipio. Karipio mmelisikia tangu utoto. Leo twapenda kujibu swali ambalo viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo huulizwa, mara nyingi usiku na kwa sauti ya chini: mtu wa hapa Shishiyu aliyejaribu kuacha pombe peke yake akashindwa, aende wapi?

Serikali ilipopiga marufuku viroba tarehe 1 Machi 2017, kiroba kiliondoka dukani, kiu haikuondoka. Gongo ni haramu kisheria, nayo yapatikana. Na msimu wa pamba unapofunguliwa, kwa kawaida mwezi Mei, fedha huingia mara moja nyumbani, na kwa nyumba nyingine hutoka mara moja vilevile. Hayo hatuna haja ya kuwaeleza, mwayaona.

Kuna chama kiitwacho Alcoholics Anonymous, yaani walevi wasiotajwa majina, ambacho watu hukutana kusaidiana waishi bila pombe. Hapa Tanzania mikutano yake hutafutwa katika miji mikubwa kama Dar es Salaam na Arusha. Zanzibar nako, tangu mwaka 2009, zimekuwapo nyumba za upataji nafuu zinazofuata hatua zake 12, ingawa hasa kwa waraibu wa heroini. Lakini mkulima wa Maswa hawezi kupanda basi hadi Dar es Salaam kila juma kwa ajili ya kikao cha muda wa saa moja. Je, swali limekwisha?

Halijaisha, kwa sababu chama chenyewe hakikuanza na ofisi. Mwaka 1935 Bill Wilson, mfanyabiashara wa New York aliyekuwa ameacha pombe miezi michache tu, alikwama katika mji wa Akron, Marekani, biashara imemharibikia na baa ya hoteli ikimwita. Aliona kwamba asipompata mlevi mwingine wa kuzungumza naye, atakunywa. Akampigia simu mchungaji asiyemfahamu. Kwa njia ya mchungaji huyo na mama mmoja wa mji ule, akafikishwa kwa daktari mlevi, Bob Smith. Wakazungumza kwa saa kadhaa. Siku ambayo Smith anahesabiwa kunywa mara ya mwisho, tarehe 10 Juni 1935, ndiyo chama huihesabu kuwa siku ya kuanza kwake.

Angalieni sana jambo hili: Wilson hakwenda kumhubiria Smith. Alikwenda kwa kuwa yeye mwenyewe alimhitaji. Mchungaji naye hakuongoza kikao. Aliunganisha watu, akakaa kando. Hapo ndipo penye kazi yetu sisi viongozi walei.

Kwa desturi za chama hicho, sharti pekee la kuingia ni nia ya kuacha kunywa, na watu wawili au watatu wakikutana kwa nia hiyo waweza kujiita kikundi. Hakuna kiingilio wala ada; wanachangia wenyewe gharama ndogo, hawapokei ufadhili wa nje. Hawafungamani na dhehebu lolote. Hata wakikutana katika chumba cha kigango, kikundi ni chao. Kila mmoja husimulia ya kwake, na yaliyosemwa hubaki pale.

Twakiri kwamba tabia zetu za vikao hazifanani na hizo. Sisi tukiona watu watatu wamekaa, twataka mwenyekiti, katibu, mweka hazina na daftari la mahudhurio. Hapa daftari ni hatari. Jina likitoka chumbani likafika kisimani, yule mtu harudi tena, na wengine watatu waliokuwa wakijiuliza hawatakuja kamwe. Siri ya mtu huyu ni haki yake, si hisani yetu.

Tahadhari moja haina mjadala. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu asiamriwe kuacha ghafla akiwa nyumbani. Kutetemeka na jasho vyaweza kuanza ndani ya saa chache. Degedege laweza kufuata katika siku mbili za kwanza, na kuweweseka siku ya pili au ya tatu. Hali hiyo huua. Haponywi kwa kufungiwa ndani, wala haimaanishi kwamba amelogwa. Apelekwe kwanza hospitali, na mganga aelezwe ukweli wa kiasi anachokunywa.

Wake na watoto nao wana mzigo wao. Tangu mwaka 1951 kuna chama cha jamaa za walevi, Al-Anon, chenye utaratibu unaofanana na huo. Na mama anayepika gongo ili anunue sare za mtoto, tusimfanye adui wa kikundi. Huenda mume wake ndiye atakayekuja wa kwanza.

Basi, kigango kinachotaka kusaidia kitoe chumba na ufunguo, jioni moja kila juma. Isiwe siku ya mnada, wala chumba kisiwe mahali ambapo mtu hufika kwa kupita mlangoni pa kilabu.