Programu ya Kurekodi Muziki: Kubaki au Kuhama?

Kompyuta yakuambia toleo jipya limetoka, ulipe. Ngoja kwanza. Je, la zamani limeshindwa kazi gani? Kama larekodi gitaa na sauti vizuri, heri ununue maikrofoni.

Lakini liko jambo kubwa zaidi. Kila programu huhifadhi nyimbo kwa namna yake, na nyingine mara nyingi haiwezi kuzifungua. Novemba 2017 kampuni ya Gibson ya Marekani iliacha kuiendeleza programu ya Sonar. BandLab ya Singapore ikainunua mwaka 2018. Wenye nyimbo humo walipona. Wewe usingoje bahati hiyo. Toa gitaa mbali, ngoma mbali, sauti mbali, zote zianzie mwanzo wa wimbo zisipishane, uzihifadhi katika faili za WAV. Hizo karibu kila programu huzifungua. Ndipo uchague.