Somo la 14: Bunge na Sheria ya Ndoa

Natumaini waalimu wenu wamekwisha kufungua redio na kila mmoja wenu ana daftari na kalamu. Kabla sijaanza, mwalimu aandike ubaoni maneno manne: muswada, kifungu, mjadala, kazi. Matatu ya kwanza huenda ni mageni kwa baadhi yenu. La nne mmelijua tangu utotoni, nalo ndilo litakalotuchukua muda mrefu zaidi leo.

Darasa la Mikocheni limeniletea swali. Limeandikwa kwa mkono wa mwanafunzi mwenyewe, kwa herufi kubwa. Mistari inapanda na kushuka, lakini limesomeka vizuri kabisa. Bibi huyu anasema ameishi na mumewe miaka 17. Wamejenga nyumba ya vyumba vitatu. Matofali na mabati yalinunuliwa kwa mshahara wa mume. Yeye alikuwa akipika, akilea watoto, akiteka maji ya kujengea na kuwapikia mafundi. Sasa wamekosana, na mume amemwambia: "Nyumba hii si yako. Hukununua hata tofali moja." Anauliza, je, ni kweli? Kisha anauliza: Bunge tulilolisoma katika somo lililopita lina faida gani kwa mtu kama yeye?

Nalijibu kwa idhini yake, bila kutaja jina lake. Nitaanza na swali la pili, kwa sababu jibu la la kwanza limo ndani yake.

Ndugu zangu, mpaka mwaka 1971 nchi yetu ya bara haikuwa na sheria moja ya ndoa. Mkristo aliyefunga ndoa kanisani alikuwa na sheria yake. Mwislamu alihukumiwa kwa sheria ya Kiislamu. Wahindu walikuwa na yao. Na wengi waliooana kwa mila walifuata mila ya kabila, ambayo Serikali ilianza kuiandika katika vitabu mwaka 1963. Kwa hiyo wanawake wawili wa mtaa mmoja, wanaoteka maji katika bomba moja, waliweza kuachwa siku moja, na kila mmoja akapata haki tofauti kabisa na mwenzake. Huyu akapewa kitu, yule akarudi kwao na kanga zake tu.

Mwaka 1969 Serikali ilitoa waraka. Waraka ni karatasi ya mapendekezo. Si sheria bado. Wananchi wakapewa nafasi ya kuusoma na kuujadili, na Umoja wa Wanawake ukaunga mkono. Baadaye mapendekezo yale yakaandikwa kuwa muswada. Muswada ni sheria ambayo haijazaliwa. Hupelekwa Bungeni, husomwa kwa mara ya kwanza, hujadiliwa unaposomwa mara ya pili, hupitiwa kifungu kwa kifungu, kisha husomwa mara ya tatu. Rais akitia sahihi yake, hapo muswada umezaliwa kuwa sheria. Kifungu ni fungu moja la sheria lenye nambari yake. Mjadala ni mabishano yenye taratibu: mmoja asimama, wengine wakaa, azungumza na Spika, si na adui yake, na kila neno huandikwa.

Wakati ule Bunge lilikutana katika Ukumbi wa Karimjee, hapa hapa Dar es Salaam, na Spika alikuwa Chifu Adam Sapi Mkwawa. Wanawake ukumbini walikuwa wachache sana. Yafaa mkumbuke jambo hilo: sheria iliyogusa kila mwanamke wa Tanganyika ya zamani ilipitishwa na ukumbi uliojaa wanaume. Wako waliosema kwamba wanaume hawawezi kamwe kupunguza nguvu zao wenyewe. Walipunguza, si zote, lakini walipunguza.

Jambo lililowasha moto lilikuwa ni ndoa ya wake wengi. Je, mume akitaka kuoa mke wa pili, wa kwanza aulizwe? Wako Waislamu walioogopa kuwa Serikali inaingiza mkono katika sheria ya dini. Wako Wakristo walioogopa kuwa Serikali inaihalalisha mitala na kuileta mlangoni mwa kanisa. Na wako wanaume wasiotaja dini yo yote, walioona tu kuwa mwanamume kumuuliza mkewe ni aibu. Sheria iliyotoka haikumridhisha mtu ye yote kwa ukamilifu, na mimi nadhani ndiyo sababu imedumu. Ilikubali ndoa ya mke mmoja na ndoa ya wake wengi. Ilisema kwamba Wakristo waliofunga ndoa kanisani hawawezi kuigeuza ndoa yao kuwa ya wake wengi maadamu wote wawili wanaendelea kuwa Wakristo. Tena ilisema kuwa mtu anayetaka kuoa hana budi kutoa taarifa siku 21 kabla. Mke aliyepo aweza kupinga, mathalan akionyesha kuwa mapato ya mume hayatoshi, na kwamba mke mwingine atawaletea dhiki yeye na watoto.

Sheria ile ni Nambari 5 ya mwaka 1971, na ilianza kutumika tarehe 1 Mei ya mwaka huo. Haihusu Zanzibar, ni ya bara tu. Ndani yake mna kifungu cha 66, kifupi sana, nami huwapenda waandishi wa sheria wanapoandika kwa ufupi. Chasema kwamba, hata kama mila inaruhusu, hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga. Kifungu cha 56 chasema kuwa mke aweza kupata mali, kuimiliki na kuiuza sawasawa na mume. Na kifungu cha 160 chasema kwamba mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka 2 au zaidi, na watu wakawajua kuwa ni mume na mke, watahesabiwa kuwa wameoana mpaka ithibitishwe vingine. Wale wanaosema "tunaishi tu" na wakisikie hicho.

Msidhani kuwa mambo haya yalikuwa mepesi kupita kila mahali. Majirani zetu wa Kenya walipeleka muswada wa ndoa Bungeni kwao mwaka 1976, ukaanguka. Wakaurudisha mwaka 1979, ukaanguka tena. Mjumbe mmoja alisimama akasema kuwa kumpiga mke ni desturi ya Kiafrika ya kumfundisha adabu. Kenya walipata sheria yao mwaka 2014, na hata mwaka huo wabunge wanawake walitoka nje ya ukumbi kwa hasira usiku wa mjadala, kwa sababu wanaume waliondoa lile neno la mke kuulizwa. Wala si Afrika peke yake. Huko Ireland, katika Ulaya, katiba ya mwaka 1937 ilikataza talaka kabisa. Wananchi waliulizwa kwa kura mwaka 1986, wakakataa. Wakaulizwa tena mwaka 1995, wakakubali kwa tofauti ya kura 9,000 na kidogo tu, katika nchi nzima.

Sasa turudi kwenye nyumba ya vyumba vitatu. Mwalimu, tafadhali elekeza kidole kwenye neno la nne ubaoni.

Kifungu cha 114 chahusu mali ya mume na mke wanapoachana mahakamani. Chasema kwamba mahakama yaweza kuwagawia mali waliyoipata pamoja wakati wa ndoa. Nayo mahakama itazame nini? Itazame desturi za watu wao, madeni, mahitaji ya watoto wadogo, na kile ambacho kila mmoja alichangia katika kuipata mali hiyo, kwa fedha, kwa mali, au kwa kazi.

Kwa kazi. Someni herufi zake: k, a, z, i. Herufi nne. Lakini baada ya mwaka 1971 mahakimu na majaji wa nchi hii walibishana juu ya herufi hizo nne kwa muda wa miaka 12. Wengine walisema: kazi ya nyumbani si mchango, ni wajibu wa mke tu, aliolewa apike. Wengine walisema: kama mke asingepika, asingelea watoto, asingefua, mume angelipa watu wa kuzifanya kazi hizo, na fedha ya matofali ingetoka wapi? Kila jaji alikuwa na sababu zake. Na kila mwanamke aliyekwenda mahakamani aliangukia kwa jaji wa upande huu au wa upande ule, kama mtu arushaye sarafu hewani.

Mwaka 1983 jambo hili lilifika Mahakama ya Rufani, mahakama ya juu kabisa, wakati Jaji Mkuu akiwa Francis Nyalali. Mahakama ile ikasema wazi: kazi ya mke nyumbani ni kazi. Kupika, kulea na kutunza nyumba ni mchango katika kupata mali. Mke aliyepeleka kesi hiyo mwenyewe hakuondoka na nyumba, kwa kuwa mahakama iliona fungu lake alikwisha kulipokea na kulitumia. Lakini neno alilosababisha lisemwe limewafaa maelfu waliomfuata.

Basi, bibi wa Mikocheni, mumeo amekosea. Kutonunua tofali hakukufanyi kuwa mgeni katika nyumba ile. Maji uliyoyateka yamo ndani ya ukuta. Lakini sikuambii kuwa utapata nusu. Sheria haisemi nusu. Mahakama hupima mchango wa kila mmoja, na hupima tu pale inapotoa talaka au amri ya kutengana. Kabla ya hapo hapana budi mwende kwenye Baraza la Usuluhishi la Ndoa la kata yenu, ambalo litajaribu kuwapatanisha. Kwa Waislamu, baraza hilo laweza kuwa la BAKWATA. Likishindwa, litakupa hati ya kuonyesha kuwa limeshindwa, na kwa kawaida bila hati hiyo mahakama haitalipokea shauri la talaka. Hati hiyo isome mwenyewe kabla hujaondoka. Ndiyo faida ya darasa.

Na kama hamjaachana, naye ataka kuiuza nyumba mnayoishi, kifungu cha 59 kinamzuia kuiuza au kuiweka rehani bila ridhaa yako. Mnunuzi mwenye akili humwuliza mke kwanza. Asiyemwuliza anajitafutia kesi.

Liko jambo jingine ambalo siwezi kulipita. Sheria hii niliyoisifu ina doa. Kifungu cha 13 kiliweka umri wa mvulana kuoa kuwa miaka 18, na wa msichana kuolewa kuwa miaka 15, na mahakama iliweza kuruhusu hata miaka 14. Mwaka 1984 haki za binadamu ziliingizwa katika Katiba yetu, na kuanzia mwaka 1988 raia aliweza kuzidai mahakamani. Ndipo mwaka 2016 Rebeca Gyumi akaishitaki Serikali juu ya kifungu hicho. Mawakili wa Serikali walijibu kuwa kifungu kinaheshimu mila na dini za watu. Tarehe 8 Julai 2016 Mahakama Kuu ikasema kuwa kifungu cha 13 na cha 17 vinakwenda kinyume cha Katiba, ikaipa Serikali mwaka 1 kuvirekebisha. Serikali ikakata rufani, ikashindwa tarehe 23 Oktoba 2019. Hata hivyo mwaka 2023 ulikwisha na Bunge lilikuwa bado halijakibadili. Mwaka ule ule wa 2016 Bunge lilikuwa limekwisha kuweka kifungo cha miaka 30 kwa mtu anayeoa mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari. Hilo ni jema. Lakini msichana aliyekosa shule, ambaye ndiye dhaifu zaidi, sheria hiyo haimkingi. Fikirini: msichana wa miaka 15 haruhusiwi kupiga kura, maana hajatimiza 18. Hatuamini akili yake kwa kuchagua diwani. Kwa nini tuiamini kwa kuchagua mume, tena aghalabu hachagui yeye?

Bado neno moja juu ya lugha. Mwaka 1971 waheshimiwa walibishana kwa Kiswahili, lakini sheria yenyewe iliandikwa kwa Kiingereza. Yaani mke aliweza kuusikia mjadala asiweze kuisoma sheria. Mwaka 2021 Bunge liliamua kuwa Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Kutafsiri vitabu vyote ni kazi ndefu, na mjue kuwa maneno niliyowapa leo nimeyaeleza kwa Kiswahili chepesi. Anayekwenda mahakamani atafute maneno kamili.

Sasa mwalimu atazima redio na darasa lizungumze kwa nusu saa. Wanaume wasianze kusema mpaka wanawake watatu wamesema. Swali la kwanza: katika nyumba yako, nani hufanya kazi gani tangu alfajiri mpaka usiku? Andikeni orodha mbili ubaoni, ya mume na ya mke, na mpange bei ya kila kazi kama ingefanywa na mtu wa kulipwa. Swali la pili: kama ungalikuwa mbunge, ungeweka umri gani wa kuolewa, na ungemjibu nini mzee anayesema kuwa mama yake aliolewa na miaka 13? Majibu yaandikwe na wanafunzi wenyewe, si na mwalimu, yakaletwe kwa afisa elimu wa wilaya kabla ya Ijumaa. Makosa ya herufi hayatahesabiwa.

Somo lijalo litahusu mirathi, ambako sheria zetu bado ni nyingi na ngumu kuliko za ndoa. Kila mmoja aje akiwa amemwuliza mzee mmoja wa ukoo wake: baba akifa, binti hupata nini kwenu? Kwaherini.