Vyombo vya Mpasuaji wa Vichwa Katika Nchi ya Kisii



Katika makumbusho ya sayansi, chombo chenye sura hafifu mara nyingi ndicho chenye habari kubwa. Mtu huona kabatini fuvu la kale, labda limetoka Peru, lina tundu lililochongwa kwa mkono. Naye hudhani kwamba kazi hiyo ilikoma zamani sana. Kumbe katika karne ya 20 ilikuwa ikifanywa Kisii na Nyamira. Fundi wake aliitwa na Abagusii omobari omotwe.

Waliomwendea ni watu waliopigwa au kuanguka, kisha wakasumbuliwa na maumivu ya kichwa yasiyokoma. Fundi alipasua ngozi kwa kisu, akaufunua mfupa, akaukwangua kidogo kidogo. Hiyo ndiyo siri ya kazi yake. Atoboaye kwa nguvu aweza kuchoma utando unaofunika ubongo. Akwanguaye taratibu huuona utando kabla ya kuudhuru. Mgonjwa alikuwa macho, ameshikwa na wasaidizi. Kisha kidonda kilitiwa dawa za miti.

Madaktari nao hufungua fuvu, hasa damu ikikusanyika ndani baada ya pigo na kuubana ubongo. Lakini wao hupiga picha kwanza, humtia mgonjwa nusukaputi, na husafisha vyombo ili kuua vijidudu. Mafundi wa zamani hawakuwa na kinga hizo. Hata hivyo wagonjwa wengi walipona, jambo lililowastaajabisha matabibu.

Mwaka 1958 Dr. J. G. Grounds aliandika habari hizi katika jarida la matabibu wa Afrika Mashariki. Dr. Edward Margetts, aliyekuwa Hospitali ya Mathari, Nairobi, alitoa maelezo marefu mwaka 1967. Mwaka 1985 Dr. David Furnas na wenzake waliandika tena.

Lakini kisu kilichowekwa kabatini hakisemi ni mti gani ulitiwa kidondani, wala fundi alijuaje wakati wa kuuzuia mkono wake. Hayo yamo vichwani mwa wazee, na mzee akifa huenda nayo. Basi yafaa vijana wa Kisii na Nyamira wawaulize wazee wao, wakayaandike majibu pamoja na jina la kila chombo. Na mtu aumiaye kichwa leo asingoje: apelekwe hospitali upesi.