Habari za Manda, Samaki Mwenye Meno

Leo nimekuja kusema nanyi habari za manda. Wavuvi wa Tanganyika humwita kibebe, na watu wa mto Kongo huko chini humwita mbenga. Ninyi mwamjua kwa kumla; mimi nataka tujue anavyozaliwa.

Katika Lualaba yetu, kutoka Bukama kushuka mpaka maziwa ya Upemba na Kisale, wako wa namna mbili. Mmoja ana mistari myeusi ubavuni. Huyo akizidi kilo 10, watu huitana kumtazama. Wa pili ni yule mkubwa sana. Mwaka 1988 mmoja alivuliwa kwa ndoana katika mto Kongo, uzito wake kilo 44, karibu sawa na mfuko wa saruji.

Manda hapendi maji yaliyolala. Hukaa penye mkondo, huwinda kwa macho. Mwaka 2011, huko Afrika Kusini, wenye elimu walimwona yule wa mistari akiruka juu ya maji na kumdaka mbayuwayu aliyekuwa akipita hewani. Meno yake yakitoka, mengine huota. Mimi nilidhani mmoja amekwisha kufa ndani ya mtumbwi. Tazameni kidole changu hiki.

Sasa sikieni neno lililonileta. Mvua za kwanza zikinyesha na mto ukianza kujaa, manda wakubwa hupanda kwenda kutaga. Katika jike moja kubwa yamehesabiwa mayai zaidi ya 500,000. Lakini mama hayalindi, si kama tilapia wengine wanaotunza mayai kinywani. Watoto hujificha majanini, hula vidudu vidogo, na wengi huliwa.

Mwaka mmoja mimi na mjomba wangu tulifunga mdomo wa kijito kwa nyavu wakati ule ule. Tulijaza vikapu vitatu, tukauza Kolwezi kwa bei nzuri. Nilipopasua matumbo niliona mayai matupu. Mwaka wa pili tulilala pale siku nne, tukapata kambale mmoja. Mjomba alisema ni uchawi wa jirani. Sikumjibu, maana ni mjomba.

Kwa hiyo mvua zikianza, acheni midomo ya vijito wazi, wala msivute vyandarua vya mbu majanini penye watoto wa samaki. Wakati wa kiangazi mvueni kwa ndoana. Kati ya ndoana na mshipi tieni waya wa chuma, urefu wa mkono, kwani uzi ataukata mara moja. Ndoana iwe kali sana: kinywa chake ni mfupa mtupu. Akiruka, msilegeze mshipi, atatema.

Tena wako wageni wa mjini wavuao kwa mchezo, kisha humrudisha samaki majini. Msiwacheke. Wanalipa mtumbwi na mpiga kasia, na samaki yule yule aweza kuleta mgeni mwingine. Ila patana bei kabla ya kuondoka ufukoni. Na manda huchoka upesi, usimwache juani. Mshike ndani ya maji, kichwa kikielekea mkondo, mpaka aondoke mwenyewe.

Kesho asubuhi nitakuwa gatini na waya na koleo. Atakaye kujifunza kufunga ndoana alete mshipi wake, maana wangu ni mmoja tu.