Simu ya Mkononi na Haki ya Mgonjwa

Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei



Nimeombwa niseme nanyi juu ya simu ya mkononi, ambayo siku hizi imeingia katika huduma za afya za mataifa mengi. Sifa zake zipo, nami nitazitaja. Lakini sisi tulio katika kazi ya Haki na Amani yatupasa kuuliza neno moja zaidi: simu ikishatoa taarifa kwamba dawa imekwisha, ni nani mwenye wajibu wa kuitikia?

Tuanzie hapa Tanzania. Mwaka 2009 lilianza jaribio katika wilaya tatu, yaani Lindi Vijijini, Kigoma Vijijini na Ulanga, likihusisha vituo vya huduma 129. Kila juma mhudumu alipokea ujumbe mfupi ukimtaka ahesabu dawa ya mseto na kwinini ya sindano zilizobaki stoo, kisha ajibu kwa tarakimu. Kujibu hakukumgharimu kitu, na aliyejibu kwa wakati alipewa muda wa maongezi. (Jambo hilo tusilidharau. Mfanyakazi atumiaye simu yake kwa kazi ya umma anastahili kutazamwa.) Wakuu wa afya wa wilaya waliziona hesabu hizo juma lile lile, badala ya kungoja karatasi zipande na kushuka.

Juma la kwanza, vituo 78 katika kila 100 vilikosa walau aina moja ya dawa hizo. Hebu tuitafakari hesabu hiyo. Ni mama aliyembeba mtoto mwenye homa kwa mwendo mrefu, akafika na kuambiwa aende akanunue dukani. Juma la 21 vituo vya namna hiyo vilikuwa vimepungua hadi 26 katika kila 100, na Lindi Vijijini upungufu ulikomeshwa kufikia juma la 8.

Simu haikutengeneza hata kidonge kimoja. Dawa ziliweza kuwa zimerundikana katika kituo kimoja huku kituo jirani kikiwa mikono mitupu. Wenye mamlaka walipoona, waliweza kuzihamisha. Pasipo mtu wa kuzihamisha, mhudumu angeendelea kutuma sifuri kila juma, na sifuri hiyo ingepokelewa vizuri kabisa. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya mwaka 2019, liliikubali njia hii kwa sharti: itumike mahali ambapo mfumo wa ugavi unao uwezo wa kuitikia kwa wakati. Nchi nyingi hupenda kununua mitambo na kulisahau sharti. Uganda, mwaka 2012, Wizara ya Afya ilisimamisha kwanza majaribio mapya, kwa kuwa yalikuwa yamezidi kuwa mengi, kila mfadhili na lake.

Majirani zetu wa Kenya wanatufundisha jambo jingine. Kati ya mwaka 2007 na 2008, wagonjwa 538 walioanza dawa za kupunguza makali ya UKIMWI waligawanywa makundi mawili. Kundi moja liliulizwa kila juma kwa simu: “Mambo?” Mgonjwa alijibu “Sawa” au “Shida”. Aliyesema shida, au aliyekaa kimya, alipigiwa na mhudumu wa kliniki. Mwishoni, waliozingatia dawa katika kundi hilo walikuwa 62 katika kila 100, na katika kundi lisiloulizwa 50. Tazameni pia hekima ya swali lenyewe: halikutaja ugonjwa wala dawa. Katika nyumba yenye simu moja, nayo imo mfukoni mwa mume, ujumbe unaotaja ugonjwa waweza kumfukuzisha mke. Siri ya mgonjwa ni sehemu ya utu wake.

Afrika Kusini, tangu mwaka 2014, mama mjamzito huandikishwa kwa simu bila malipo, akapata mashauri ya ujauzito; naye aweza kutuma malalamiko au pongezi kuhusu kliniki alikohudumiwa. Hapo maskini hahesabiwi tu, bali naye anauliza.

Basi, ninyi mlio wajumbe katika kamati za zahanati, mkutanapo ulizeni tarehe mbili: siku taarifa ya upungufu ilipotumwa, na siku dawa ilipofika. Ziandikwe katika kumbukumbu za kikao, na umbali kati yake usomwe mbele ya wananchi. Msimlaumu mhudumu aliyetuma taarifa mapema. Swali lipelekwe wilayani. Na viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo wazijue kaya zisizo na simu, hasa za wazee na wajane, ili siku ya chanjo au ya kliniki ikitangazwa kwa ujumbe mfupi, awepo mtu wa kwenda kubisha hodi.