Kibali Kwanza, Fedha Baadaye: Sheria na Kodi katika Ununuzi wa Silaha Kutoka Nje ya Mkoa au Nje ya Nchi

(Maelezo yaliyotolewa kwa wananchi mjini Bariadi, Mkoa wa Simiyu)



Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo watu wengi hulizungumza kwa kunong'ona, nalo ni ununuzi wa silaha. Naona ni vema tulizungumze hadharani, kwa sababu mwananchi anayeliuliza kwa siri ndiye hupewa majibu na matapeli.

Sababu za mtu kutaka bunduki katika mkoa wetu zinaeleweka. Mfugaji wa Meatu anawaza wizi wa mifugo na fisi wanaonyemelea zizi. Mkulima anayepakana na Hifadhi ya Serengeti au Pori la Akiba la Maswa amewahi kuamka asubuhi akakuta tembo wamelala ndani ya shamba lake. Msimu wa pamba unapokwisha na fedha zikaingia mkononi, mtu huyo husikia kwamba bunduki zinapatikana Mwanza, Dar es Salaam, au hata ng'ambo ya mpaka kwa bei nafuu. Hapo ndipo maswali mawili yanapozaliwa: je, sheria inaruhusu? Na je, kodi ni kiasi gani?

Sheria inasema nini

Umiliki wa silaha nchini unaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya sheria ya mwaka 1991. Msingi wake ni mmoja: silaha si bidhaa ambayo mtu huinunua kwanza na kuiandikisha baadaye. Kibali hutangulia, ununuzi hufuata.

Maombi huanzia nyumbani kwako. Serikali ya kijiji au mtaa hukutambua, kata hukujadili, kisha maombi hupanda wilayani na mkoani kupitia vyombo vya ulinzi na usalama, hadi kumfikia Msajili wa Silaha katika Jeshi la Polisi. Safari hiyo ni ndefu, na wapo wanaoiona kuwa usumbufu. Lakini ina maana yake. Jirani zako ndio wanaojua kama wewe ni mtu wa hasira, mlevi, au mwenye ugomvi wa mpaka wa shamba usiokwisha.

Kwa hiyo, mkazi wa Bariadi anayenunua silaha Mwanza hakwepi hatua hizi. Mkoa wa duka haubadilishi chochote, kwa kuwa sheria ni moja na kinachotazamwa ni mnunuzi mwenyewe. Muuzaji naye lazima awe na leseni ya biashara ya silaha. Vilevile, mtu binafsi mwenye silaha halali hawezi kukuuzia, kukupa zawadi wala kukukopesha kwa makubaliano yenu wawili tu. Leseni ni ya mtu, haihami pamoja na bunduki.

Wazee wangu, hili linagusa pia urithi. Mwenye silaha akifariki, familia isiiweke darini ikingoja matanga yaishe. Ipelekwe kituo cha polisi, na mrithi anayeitaka aombe kibali chake mwenyewe. Na gobore, hata kama lilitengenezwa na fundi wa kijijini, ni silaha kama silaha nyingine.

Nje ya mpaka

Kutoka Lamadi, barabara inapanda Musoma na Tarime hadi Sirari, na ng'ambo ni Kenya. Wengi wenu mmeitumia kwa biashara. Mmezoea kwamba bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki hupata unafuu wa ushuru, na kwamba mfanyabiashara mdogo mwenye mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani anaweza kutumia cheti rahisi cha uasili. Unafuu huo hauondoi masharti ya silaha. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004 inaziweka silaha na risasi katika orodha ya bidhaa zinazoingizwa kwa masharti maalumu. Bila kibali, hakuna ushuru utakaoulipa ukaihalalisha bunduki hiyo.

Nchi za ukanda huu, ikiwemo Tanzania, zilitia saini Itifaki ya Nairobi mwaka 2004 ili kudhibiti silaha ndogo. Moja ya makubaliano yake ni kuziwekea silaha alama, ili ikikamatwa ijulikane imetoka wapi na ilikuwa mikononi mwa nani. Bunduki ya bei ya kutupa isiyo na alama, au ambayo alama zake zimefutwa, huenda imeshatumika katika uhalifu. Anayeinunua ananunua pia historia yake.

Adhabu si ndogo. Kumiliki silaha bila kibali ni miongoni mwa makosa yanayoweza kushtakiwa chini ya Sheria ya Uhujumu Uchumi. Mtu aliyekusudia kulinda ng'ombe wake anaweza kujikuta akiwauza ng'ombe haohao kulipia kesi.

Kodi na hesabu zake

Vijana hunionyesha katika simu zao maelezo ya watu wa Marekani wanaojadili kununua bunduki jimbo jingine ili kukwepa kodi ya mauzo. Kule kila jimbo hujipangia kodi yake, na yapo majimbo, kama Oregon na Montana, yasiyotoza kodi ya mauzo ya jimbo. Hata hivyo, bunduki inayonunuliwa jimbo jingine kwa kawaida hupitia kwa muuzaji mwenye leseni. Maelezo hayo hayatuhusu. Hapa kwetu hakuna kodi ya mauzo ya mkoa. Kodi ya Ongezeko la Thamani, yaani VAT, kiwango chake cha kawaida Tanzania Bara ni asilimia 18, na ni kilekile Bariadi, Mwanza au Arusha.

Tufanye hesabu. Muuzaji akikutajia shilingi 2,000,000 kabla ya kodi, VAT ni shilingi 360,000, na jumla ni 2,360,000. Akikutajia 2,360,000 kodi ikiwa ndani, zidisha kwa 18 kisha gawanya kwa 118, utapata 360,000 ileile. Muulize mapema: bei hii ina kodi au haina? Na anayekutoza VAT lazima awe amesajiliwa kwa kodi hiyo. Risiti ya mashine ya EFD itaonyesha namba zake za usajili, kiasi cha kodi na namba ya uhakiki. Kauli ya Mamlaka ya Mapato mnaijua: ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti.

Kwa bidhaa itokayo nje, ushuru wa forodha hukokotolewa juu ya thamani ya bidhaa pamoja na bima na usafirishaji, kisha VAT hukokotolewa juu ya jumla hiyo ikiwa na ushuru wake. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, thamani ni shilingi 1,000,000 na ushuru ni asilimia 25. Ushuru ni 250,000. VAT ni asilimia 18 ya 1,250,000, yaani 225,000. Tayari ni 475,000 kabla ya tozo nyingine na gharama za wakala wa forodha. Ile bei nafuu imekwisha njiani.

Fedha yako iko wapi?

Chukueni mfano wa mkulima wa Itilima anayelipa arbuni ya shilingi 800,000 ili awekewe bunduki, akiamini kibali kitatoka. Kibali kinakataliwa. Akirudi dukani anaambiwa arbuni hairudishwi. Hana maandishi, ana kumbukumbu tu. Mtu huyu hakuvunja sheria yoyote, lakini amepoteza akiba ya msimu mzima.

Kwa hiyo usilipe chochote kabla ya kibali. Ukilazimika kutoa arbuni, iandikwe wazi kwamba itarudishwa yote endapo maombi yatakataliwa. Usimtumie fedha kwa simu mtu anayetangaza silaha mtandaoni, wala dalali anayedai anaweza "kuharakisha" kibali.

Kabla hujaondoka hapa, jiulize pia kama bunduki ndiyo tiba. Leseni ya silaha si ruhusa ya kuua wanyamapori, jambo linalosimamiwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Tembo wakiharibu mazao, toa taarifa kwa serikali ya kijiji na maofisa wanyamapori, na fuatilia kifuta jasho. Wizi wa mifugo uripotiwe polisi na kwa sungusungu wenu.

Na kama kuna silaha nyumbani isiyo na kibali, usiiuze na usiifukie. Zungumza na kiongozi wako, upate utaratibu wa kuisalimisha. Jeshi la Polisi limekuwa likitangaza vipindi vya kusalimisha silaha kwa hiari, na anayevitumia hulala usingizi.

Kibali kwanza, risiti pili, fedha yako kwa muuzaji mwenye leseni tu.