Kapu la Handa

Wazazi na walezi mnaotusikiliza, leo tunacho kitabu cha picha kinachochekesha kweli: Handa's Surprise, cha Mwingereza Eileen Browne, kilichotoka mwaka 1994. Handa, msichana wa Kiluo nchini Kenya, anampelekea rafiki yake Akeyo matunda saba, kapu likiwa kichwani. Njiani anajiuliza: Akeyo atapenda lipi? Ndizi? Pera? Embe? Maneno yanasimulia mawazo hayo tu. Kumbe picha zina habari nyingine! Tumbili anachomoa ndizi, mbuni anadokoa pera, punda milia ananyakua chungwa, mpaka kapu linabaki tupu. Handa hajui. Mtoto wako anajua, na atapiga kelele kumwonya.

Utamu wote uko hapo, na ndiyo maana hata mzazi hachoki kukirudia. Basi usikimbilie kufunua ukurasa. Soma sentensi, nyamaza, mwache mtoto aonyeshe kwa kidole nani kaiba nini. Ataje mnyama na tunda kwa lugha mnayoongea nyumbani. Halafu mbuzi akichomoka kwenye kamba na kuugonga mchenza, muulize: sasa kapuni mna nini? Msubiri ajibu mwenyewe, hata akikawia.